Kabla Hujahesabu Noti, Feruzi

Wewe unayechovya kidole kwenye dumu la mawese
ukajua, kabla hujaonja, kwamba muuzaji kaongeza maji,
leo kidole chako kiko wapi?
Kimelala juu ya boneti nyekundu
kama mkono wa bwana harusi.

Kiondoe.

Boneti hii, kwanza, haina injini.
Injini iko nyuma ya viti, imejificha kama mkwe.
Na huko nyuma kuna moto, nimegusa kwa mgongo wa mkono.
Nani amewasha asubuhi hii kabla hatujafika Kibirizi?
Gari la kununua hukutwa limelala.
Likohoe mbele yako, moshi wake wa kwanza uuone mwenyewe:
wa bluu, linakula oili;
mweupe usiokoma, linakunywa maji;
na mimi fundi nitakula hela yako mwaka mzima.

Bi Zuena ametuletea chai ya tangawizi. Mtu mwema.
Wema si sevisi.
Nimeomba daftari la matengenezo, ameleta albamu:
marehemu mumewe kando ya gari, suti ya krimu, anacheka.
Kadi nayo ina jina la marehemu.
Barua ya mahakama ya mirathi iko wapi?
Na yule mtoto wa mke mkubwa, aliye Uvinza, anajua?

Tairi zina kashata nzuri, lakini soma tarakimu nne ubavuni.
Zimezaliwa kabla ya mwanao wa darasa la sita.
Raba huzeeka hata ikikaa. Kama sisi.

Nimetoa sumaku yangu ya spika, nimeivika kitambaa.
Haishiki popote.
Usihuzunike bado: mwili wake ni alumini,
mimi nimezoea Land Cruiser za mashirika.
Basi nimegonga kwa kucha, sikio karibu.
Mlango wa kushoto umejibu kama kopo.
Wa kulia umejibu kama mtu mwenye ugali mdomoni.
Hiyo ni puti, Feruzi. Puti nene.

Kisha nimevuta mkanda wa kiti
mpaka mwisho wake, pale asipofika mnunuzi.
Kuna mstari wa kahawia, umenyooka kama wa rula.
Nimeinua zulia:
konokono mdogo wa ziwa, mweupe, mtupu,
na magamba mawili ya mgebuka.

Mwaka ule Tanganyika lilipopanda likala kuta za watu,
lilipita hapa pia, likakaa kwenye kiti hiki.
Siku ngapi?
Bi Zuena akatazama majini.
"Kumi na moja," akasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mbuzi katolewa kwenye gunia, Feruzi,
na ana magamba.

Kutu ya nyaya haina haraka.
Itakungoja usiku, mvua, njia ya Kasulu, izime taa zote mbili.
Na tuta la kwanza la Gungu litalikwangua tumbo,
na spea yake haipo Mwanga, haipo Kariakoo,
ipo kwa mtu wa Dubai asiyepokea simu.

Nimemaliza. Nimefuta mikono.
Neno langu ni hapana, nalo ni elfu thelathini.

Hukunijibu.
Ukauliza tu kama unaweza kukaa ndani kidogo.
Ukaingia vipande vipande: mguu, kiuno, kofia.
Magoti yakakufika kifuani.
Mtu wa miaka hamsini na nane, ananuka mawese,
kashika usukani, anautazama ukuta wa banda
kana kwamba ukuta utampisha.

Bi Zuena akakupa ufunguo.
Likaunguruma.
Kuku wa jirani wakatawanyika, chai ikatetemeka kikombeni,
na kitu kifuani mwangu kikaitikia,
kitu ambacho miaka ishirini ya ufundi
haijakipatia spana.

Nikamvuta mama yule pembeni,
nikanong'ona, nikiwa nimekupa mgongo:
"Mwisho wake ngapi?"